Forester XT 2010: taa ya injini huwaka nikipanda Mau Summit, kisha inajizima. Nianzie wapi?

#1 Mwana wa Lanet
Salaam wadau. Naomba msaada wa watu wanaoijua Subaru kwa mikono, si kwa kusikia.

Nina Forester XT ya 2010, lita 2.0 turbo, otomatiki. Niliinunua miezi minne iliyopita hapa Nakuru kwa mtu aliyekuwa nayo tangu ishuke Mombasa 2017. Imetembea kilomita 142,000. Ni gari la kwanza nililonunua kwa kulipenda, si kwa kulihitaji tu, ndiyo maana jambo hili linaninyima usingizi.

Taa ya injini huwaka nikiwa safarini, mjini kamwe. Mara ya kwanza nilikuwa nimeshapita Salgaa. Pamoja nayo huwaka ile ya VDC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza), na ya kruzi (ya kushikilia mwendo mmoja) inapepesa. Nguvu haipungui. Nafika Eldoret, nalala, asubuhi bado ipo. Siku mbili tatu baadaye nakuta imejizima. Nikikaa wiki mbili ni kazini na nyumbani tu, kimya. Nikishika barabara ya Eldoret au ya Kericho inarudi, ila si kila safari.

Fundi wa kwanza alichomoa waya wa betri dakika kumi, taa ikazima, akachukua 500. Ikarudi. Wa pili akasema ni sensa ya oksijeni, akaniuzia iliyotumika kwa 6,500. Ikarudi. Wa tatu anasema cheni ya taimingi imelegea, niache gari wiki nzima. Hapo ndipo nimesimama.

#2 Fundi Bondeni
Huyo wa tatu mkimbie leo leo. XT ya 2010 ina injini ya EJ20, na EJ hutumia mkanda wa taimingi. Cheni zilikuja na injini za FB, ambazo Forester zisizo na turbo zilianza kupata mwishoni mwa 2010. Mtu asiyejua kama injini ina mkanda au cheni asiifungue.

Kuhusu taa tatu: ni ugonjwa mmoja. Subaru za miaka hiyo, kompyuta ya injini ikiona kosa lolote huzima kruzi na VDC kwa tahadhari. Kuna watu wamebadilishiwa sensa za magurudumu kwa sababu hiyo tu. Usiguse huko.

Namba ya kosa ni ipi?

#3 Baba Shiru, Njoro
Na taa ya injini yenyewe imetulia au inapepesa? Ikitulia, una muda wa kutafuta. Ikipepesa, injini inamisi, yaani silinda inakosa moto, kiasi kwamba petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuyeyusha masega, kile kisafisha moshi kilicho ndani yake. Hapo unaondoa mguu, unatafuta pa kuegesha, hata kama ni katikati ya Sachangwan.

#4 Mwana wa Lanet
Asanteni. Imetulia, haipepesi, ni ya kruzi tu inayopepesa. Namba sijui. Hakuna fundi hata mmoja kati ya hao aliyeweka mashine.

#5 Omwami wa Kakamega
Mulembe. Mimi nasema masega hayapo. Hii biashara imeenea sana huku Magharibi: unapeleka gari kubadilisha breki, linarudi na sauti mpya. Mle ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wanajulikana. Wakishang'oa, sensa ya nyuma inaona hewa ileile inayoona ya mbele, kompyuta inatoa P0420, namba ya masega yasiyofanya kazi.

Na inaeleza kwa nini mjini hakuna kitu. Kompyuta haipimi masega kwenye foleni. Husubiri injini ipate moto na gari liende mwendo mmoja kwa dakika kadhaa. Nakuru mjini utaupata wapi mwendo mmoja? Lakini ukitoka kwenda Mau, kipimo kinafanyika. Kwangu ilikuwa hivyo hivyo, Kakamega mjini kimya, nikienda Webuye inawaka.

#6 Nyar Dunga
Omwami amesema vizuri lakini kuna maelezo mengine yanayotoshea. Mimi nina Legacy GT hapa Kisumu, nimeipenda miaka mitano. Yangu ilikuwa inawaka baada ya kuosha. Si siku ileile, siku moja mbili baadaye. Wale vijana wa kuosha magari ufukweni wanapuliza maji kwenye injini kwa presha, yanaingia kwenye matundu ya plagi, yanakaa. Koili ya silinda namba tatu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ukiwa tambarare haionyeshi kitu. Ukipanda kuelekea Kericho, turbo inasukuma, umeme unatafuta njia rahisi, unapita kwenye ule ufa.

Mwana wa Lanet, injini uliiosha lini?

#7 Mwalimu wa Kapsabet
Wadau, angalieni ramani. Nakuru ni kama mita 1,850 juu ya bahari. Timboroa inapita 2,700. Hewa ya Nakuru peke yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko ya Mombasa, na mwenzetu anazidi kupanda. Turbo inalazimika kuzunguka zaidi kufikisha presha ileile. Nadhani gari linalalamikia mwinuko tu, halina ugonjwa.

#8 Fundi Bondeni
Mwalimu, kwa hesabu hiyo Eldoret nzima ingekuwa inaendesha na taa. Iten je, mita 2,400, pale wangewasha taa hata wanariadha.

Kompyuta ya EJ inajua presha ya hewa ya nje, na sensa ya hewa hupima uzito wa hewa inayoingia. Hewa ikipungua, petroli inapungua pia. Mwinuko peke yake hauwashi taa. Unachoweza kufanya ni kufichua paipu iliyopasuka, kwa sababu kule juu turbo inafanya kazi muda mrefu zaidi. Hilo nakubaliana nawe.

#9 Mwalimu wa Kapsabet
Nimekubali nusu. Lakini mtoto wa dada yangu anakimbia Iten na hana taa, ana moyo.

#10 Pipeline Boy
Ni petroli. Gari hili lilitengenezewa petroli ya Japani ya oktani 100. Hapa tunatia ya 93 halafu tunashangaa. Injini inagonga ikipanda, sensa inasikia, taa inawaka. Mimi natia ile ya bei ya juu na sijaona taa mwaka mzima.

#11 Baba Shiru, Njoro
Pipeline Boy, nusu sawa. Turbo ya Japani inataka oktani ya juu, na anayeipenda injini yake aitie. Lakini injini ikigonga, kompyuta inarudisha nyuma moto wa plagi kimya kimya. Hupati taa, unapoteza nguvu. Namba P0327 unayoisikia inahusu saketi ya sensa ya kugonga yenyewe, waya au sensa iliyokufa. Mwenzetu anasema nguvu haijapungua.

Huku Njoro kuna lingine: panya. Baada ya mavuno ya mahindi wanahamia kwenye injini zenye joto. Wangu walitafuna waya wa sensa ya mzunguko wa injini hadi ukabaki uzi mmoja wa shaba. Barabara laini, gari zima. Matuta, gari linazima. Nilinunua sensa mbili kabla ya kuinua boneti na tochi usiku.

#12 Mwana wa Lanet
Nyar Dunga, injini iliosha aliyeniuzia, ilikuwa inang'aa kama sahani siku naichukua. Omwami, nimelala chini ya gari leo asubuhi, chombo cha masega kipo na hakina alama ya kuchomelewa, ila sijui ndani kuna nini. Panya sijaona, ila nimekuta ganda la karanga juu ya injini.

Nataka kununua kile kifaa cha kuchomeka, ELM327. Kitasoma gari la Japani?

#13 Jirani wa Kondele
La 2010 kitalisoma. Zile za zamani zilizokuja kabla Japani haijakaza sheria zake ndizo zinazosumbua, na kwa hizo kuna viunganishi viwili vyeusi chini ya usukani: unaviunganisha, taa inapepesa namba, unahesabu kwa kidole. Nilijifunza kwa marehemu baba. Hakuwa na mashine yoyote, na hakuwahi kubahatisha.

Nunua, kisha USIFUTE chochote. Kompyuta ikiwasha taa huhifadhi picha ya tukio: mwendo, mzunguko, joto, mzigo, petroli. Yule aliyechomoa betri alikufutia ushahidi kwa shilingi mia tano zako.

#14 Fundi Bondeni
Hapo kwa Jirani naongeza. Makosa mengi yanataka kuonekana safari mbili mfululizo ndipo taa iwake. Na taa hujizima baada ya safari tatu safi mfululizo. Ndiyo "siku mbili tatu" zako, Mwana wa Lanet. Gari halijapona, ni kwamba kosa halijaonekana. Namba inabaki kwenye kumbukumbu hata taa ikiwa imezima, kwa hiyo unaweza kusoma leo.

#15 Omwami wa Kakamega
Tunangoja P0420.

#16 Mwana wa Lanet
Nimepata kifaa kwa 1,200. Taa ilikuwa imezima tangu Jumanne, lakini namba ilikuwemo. P0171. Picha ya tukio: kilomita 86 kwa saa, mzunguko 2,600, maji nyuzi 91. Marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza: ya muda mrefu +14, ya muda mfupi +13. Nikiwa nimesimama, injini imepata moto, ya muda mrefu ni +4 na ya muda mfupi inacheza karibu na sifuri.

Omwami, pole.

#17 Omwami wa Kakamega
Nimepoa. Lakini masega bado sijayaamini.

#18 Baba Shiru, Njoro
P0171 ni mchanganyiko mwembamba: kompyuta inaona oksijeni nyingi kwenye ekzosi, inaongeza petroli, inaongeza tena, hadi inachoka na kuwasha taa. Jumla ya 27 ni nyingi. Mimi nasema paipu ya hewa imepasuka baada ya turbo. Presha inavuja, kama alivyogusia Fundi.

#19 Fundi Bondeni
Hapana mzee wangu, hapa tutenganishe, kwa sababu wengi wanakosea. Paipu ikipasuka baada ya turbo, ukikanyaga sana hewa iliyokwishapimwa inatoka nje. Petroli inabaki nyingi kuliko hewa, yaani mchanganyiko unakuwa mzito, moshi mweusi. Wembamba unapata pale injini inapovuta, si turbo inaposukuma. Na uvujaji wa kuvuta huonekana zaidi gari likiwa limesimama, kwa sababu hewa inayoibwa ni sehemu kubwa ya hewa yote. Huyu akisimama ana +4. Akikimbia, 27. Ni kinyume.

Ikiwa mbaya kwa mwendo na nzuri kwa kusimama, mimi natafuta vitu vitatu: sensa ya hewa inayopima pungufu, pampu ya petroli iliyochoka, au filta yake, ambayo kwenye hii iko ndani ya tangi na watu husahau kwamba ipo.

#20 Nyar Dunga
La nne ni ile sensa ya 6,500. Ya mbele kwenye XT si sensa ya oksijeni ya kawaida, inapima uwiano wa hewa na petroli, na haibadilishwi kwa ya nyuma. Imetoka gari gani? Imetembea kilomita ngapi? Kama ya zamani unayo, irudishe, bado unaweza kuwa umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

#21 Baba Shiru, Njoro
Fundi, nimesoma mara mbili, nimekuelewa. Nafuta neno langu la paipu. Lakini ufa kwenye ekzosi kabla ya sensa je? EJ hupasuka pale kwenye mikono ya ekzosi. Ufa unanyonya hewa ya nje kati ya mapigo, sensa inaona oksijeni, kompyuta inadanganyika. Sikiliza asubuhi injini ikiwa baridi: tik-tik-tik inayopotea ikipata moto.

#22 Mwana wa Lanet
Tik-tik ipo! Nilidhani ni Subaru tu.

Na nilisahau jambo. Aliyeniuzia alifunga filta ya hewa ya wazi, ile ya umbo la pia, nyekundu, ya kupaka mafuta. Inapiga mluzi mtamu nikikanyaga.

#23 Fundi Bondeni
Ndugu yangu! Hilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza.

Filta ya hewa ya aina hiyo ikipakwa mafuta mengi, yanaruka hadi kwenye waya mwembamba wa sensa ya hewa. Vumbi linaganda, waya unapima hewa pungufu, kompyuta inatoa petroli pungufu. Kadiri hewa inavyokwenda kasi ndivyo kosa linavyokua, ndiyo picha yako hasa. Isitoshe, kompyuta ilipimwa kwa upana wa paipu ya kiwandani. Ukibadilisha upana, hesabu yote inahama. Rudisha sanduku la kiwandani. Safisha sensa kwa spreyi yake maalumu, si ile ya kabureta, na usiiguse kwa pamba wala kidole.

#24 Pipeline Boy
Filta ya wazi inaongeza nguvu jamani. Kila gari la mbio linayo.

#25 Jirani wa Kondele
Gari la mbio lina mtu wa kupanga kompyuta upya kila kitu kikibadilishwa. Ukitaja mbio, nilisimama pembeni ya barabara 1997 McRae akishinda Safari na Impreza, na 2000 Burns. Lakini furaha yangu kubwa ilikuwa 1993, Patrick Njiru akiifikisha mwisho ile Vivio ndogo kama kibiriti, wakati McRae mwenyewe na Vivio yake hakufika. Mkenya, injini ya lita isiyofika moja. Tulipiga kelele hadi sauti zikakauka.

#26 Mwalimu wa Kapsabet
Jirani, unanikumbusha redio ya baba. Sasa Safari imerudi kwenye ubingwa wa dunia tangu 2021, iko Naivasha, kaunti yetu sisi tunaolala Nakuru Ijumaa kuiwahi. Turudi kwa mgonjwa.

#27 Mwana wa Lanet
Ripoti. Nimepata sanduku la filta la kiwandani kwa 4,000, nimesafisha sensa. Siku tisa sasa, safari mbili za Eldoret, hakuna taa. Marekebisho kwa mwendo wa 86 yameshuka hadi +7. Fundi Bondeni, nakushukuru kutoka moyoni. Mluzi umekwisha, nimeukosa kidogo.

#28 Fundi Bondeni
Karibu. +7 inavumilika, ila usisherehekee kabla ya mwezi kuisha.

#29 Mwana wa Lanet
Wadau, nimerudi na habari nyingine. Jana natoka Kericho, mvua ya kweli kweli, nimekaribia Londiani. Mtetemo mara mbili kama mtu amevuta kiti changu. Taa ikapepesa sekunde chache, kisha ikatulia. Niliondoa mguu kama Baba Shiru alivyosema. Nimesoma: P0302, silinda namba mbili inakosa moto. P0171 haipo.

#30 Nyar Dunga
Maji. Nilisema.

Na sasa isomeni P0171 upya. Silinda ikikosa moto, hewa yake inatoka bila kuungua, imejaa oksijeni. Sensa inaona oksijeni na kuita mchanganyiko mwembamba! Inawezekana hata zile +27 zilikuwa koili inayomisi kidogo kidogo, chini ya kiwango cha kuhesabiwa. Filta ilisaidia, sawa, lakini labda haikuwa mzizi.

#31 Fundi Bondeni
Inawezekana. Lakini kwa nini imeshuka hadi +7 baada ya kusafisha, kama ilikuwa koili? Hali ya hewa ilikuwa kavu siku zote zile, nakubali. Naona magonjwa mawili.

#32 Baba Shiru, Njoro
Na tik-tik ya ekzosi bado hamjaigusa. Matatu.

#33 Pipeline Boy
Petroli yenye maji pia inamisi. Ulijaza wapi?

#34 Mwana wa Lanet
Nilijaza Nakuru, kituo nilichokizoea. Wengine waliojaza pale hawajalalamika.

#35 Nyar Dunga
Namba mbili iko mbele upande wa kushoto, kwa abiria. Usinunue koili bado. Ya namba mbili na ya namba nne ziko upande mmoja, zibadilishane. Taa ikirudi ikisema P0304, koili ndiyo yenye hatia na imehama na kosa lake. Ikibaki P0302, angalia plagi, kisha nozeli, kisha presha ya silinda. Ukitoa koili, kagua mpira wake kwenye mwanga wa jua na utazame kama tundu la plagi lina maji au mafuta. Mafuta yakiwemo, gasketi ya kifuniko cha vali inavuja, nalo ni somo lingine.

#36 Omwami wa Kakamega
Na taa ilipepesa. Masega kama yalikuwepo, sasa yameonja petroli mbichi. Mkiona P0420 mwezi ujao, mnikumbuke.

#37 Mwana wa Lanet
Nimezibadilishana leo mchana, imenichukua saa mbili na ngozi ya vidole viwili. Tundu la namba mbili lilikuwa na ukungu wa maji, hakuna mafuta. Mpira wa koili una mstari mweupe upande mmoja, sijui kama ni ufa au ni alama ya joto. Tik-tik asubuhi bado ipo. Taa imezima, sijafuta kitu.

Jumamosi naenda Kisumu kwa shemeji, nitapita Kericho makusudi. Utabiri unasema mvua.

#38 Jirani wa Kondele
Ukifika njoo Kondele, nina rafiki mwenye mashine ya kupima kwa moshi, tutaona kama ekzosi inavuja. Shemeji atakungoja na samaki. Na taa ikiwaka njiani usiifute, piga picha ya namba uiweke hapa.